Ukimbizi wa miezi 30: jinsi hifadhi ya Ulaya ilivyogeuzwa kuwa ya muda

Tarehe 17 Novemba 2025, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Shabana Mahmood, alisimama bungeni London na kutangaza mpango wa kubadili sheria za hifadhi. Atakayekubaliwa kuwa mkimbizi hatapewa tena kibali cha miaka 5, bali cha miezi 30. Miezi hiyo ikiisha, serikali itaitazama kesi yake upya: kwao kukionekana kumetulia atatakiwa kurudi, kusipotulia ataongezewa miezi 30 mingine. Ukaazi wa kudumu, ambao mkimbizi alikuwa akiuomba baada ya miaka 5, aliyeingia bila njia halali atausubiri miaka 20.

Wengi waliipokea habari hii kana kwamba Uingereza imefunga mlango. Haikuufunga. Mtu bado anaweza kuomba hifadhi huko, na bado anaweza kushinda kesi yake. Kilichobadilika ni uzito wa kile anachoshinda. Binafsi naliona badiliko hili kuwa kubwa kuliko boti na nyaya za mipakani ambazo televisheni hutuonyesha kila siku, maana linamfuata hata yule ambaye serikali yenyewe imeshakiri kwamba maisha yake yalikuwa hatarini. Na halikuanzia London. Limetoka Denmark, limekuwa likisambaa kwa takriban miaka kumi, na ili kulielewa hatuna budi kuanza na mkataba ambao kila upande unadai uko pamoja nao.

Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi ulitungwa kwanza kwa ajili ya watu waliokimbia matukio ya kabla ya Januari 1951, hasa huko huko Ulaya. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyouondolea mipaka hiyo na kuufanya uwahusu watu wa dunia nzima. Nchi ya kwanza kuuridhia ilikuwa Denmark, Desemba 1952. Moyo wake ni kifungu cha 33, kinachokataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Ila mkataba huo hausemi popote kwamba mkimbizi lazima apewe ukaazi wa kudumu. Kifungu cha 1C kinaeleza kwamba ukimbizi unaweza kukoma iwapo sababu zilizomkimbiza mtu zimeondoka. Hapo ndipo zinaposimama Denmark na sasa Uingereza. Upande wa pili kuna kifungu cha 34, kinachozitaka nchi zimsaidie mkimbizi, kadiri inavyowezekana, kuwa sehemu ya jamii mpya na kupata uraia. Waliouandika mkataba waliishi katika Ulaya ambayo bado ilikuwa na kambi za watu waliopoteza makwao katika Vita vya Pili vya Dunia. Walijua mtu akikaa miaka bila kujua kesho yake ni ya wapi anakuwa wa namna gani.

Nasi wa Afrika Mashariki tunalijua hilo. Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992, Nyarugusu 1996, na katika kambi hizo kuna watu waliozaliwa humo, wakaoa na kuolewa humo, na kuzaa humo. Tunaujua pia upande wa pili, maana Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokuwa wamekimbia mauaji ya 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Kwa hiyo mjadala unaoendelea Ulaya leo si mgeni kwetu. Mgeni ni yule anayeuanzisha: nchi tajiri zilizokuwa zikizihimiza nchi maskini kuwapa wakimbizi haki zaidi.

Kwa miongo mingi Ulaya Magharibi iliacha kifungu cha 1C kilale. Uingereza hadi 2005 ilikuwa ikimpa mkimbizi ukaazi wa kudumu pale pale anapokubaliwa. Kuanzia Agosti mwaka huo ikaweka miaka 5, lakini kwa walio wengi miaka hiyo ilikuwa ya kupitia tu, mwisho wake ukijulikana. Mtu aliyeshika makaratasi alijua kwamba hapa ndipo atakapoishi, akaanza kujifunza lugha, kutafuta kazi, na kuita familia.

Denmark ilianza kuivunja desturi hiyo mwanzoni mwa 2015, hata kabla ya wimbi kubwa la mwaka huo, ambapo maombi mapya ya hifadhi katika Umoja wa Ulaya yalizidi milioni 1.2. Ilibuni aina mpya ya hifadhi kwa wanaokimbia vita vya jumla bila kulengwa mtu binafsi. Kibali kilikuwa cha mwaka mmoja, na hifadhi hiyo ingeweza kuondolewa hata kwa mabadiliko madogo ya hali ya nchi aliyotoka mtu. Januari 2016 ikaja sheria ya kuwanyang'anya waomba hifadhi mali inayozidi kroner 10,000, ile iliyoitwa sheria ya vito, ambayo ilipigiwa kelele dunia nzima ingawa haikutumika mara nyingi. Chini ya kelele hiyo kulikuwa na kipengele kizito zaidi ambacho wachache walikitazama: mwenye hifadhi ile ya muda alitakiwa kusubiri miaka 3 kabla ya kuomba kuletewa mke au mume na watoto.

Kesi moja inaonyesha maana yake. Daktari mmoja kutoka Syria alifika Denmark mwaka 2015 akapewa hifadhi ya mwaka mmoja. Novemba mwaka huo akaomba mkewe aje, mke waliyefunga naye ndoa 1990. Akakataliwa, kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 3. Angalia hesabu ilivyo: kibali ni cha mwaka mmoja kwa sababu hifadhi ni ya muda, lakini kumwona mkewe anatakiwa kuwa amekaa miaka 3. Tarehe 9 Julai 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, majaji 16 kwa mmoja, kwamba Denmark imevunja haki yake ya maisha ya familia. Denmark ikaupunguza muda hadi miaka 2, na sera yenyewe ikabaki.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kupita Februari 2019. Wadenmark wenyewe waliliita mageuzi ya mtazamo mzima. Kuanzia hapo vibali vyote vya wakimbizi, hata wale walioletwa na Umoja wa Mataifa kutoka kambini, vikawa vya muda, na lengo lililoandikwa likawa kurudi makwao. Mwaka huohuo mamlaka za Denmark zilianza kuona kwamba Damascus imetulia, zikawa za kwanza Ulaya kuwanyang'anya Wasyria wa mji huo vibali vyao. Waliopigwa na uamuzi huo hawakuwa wale ambao siasa ziliwalenga. Mwanamume wa umri wa jeshi alikuwa na hoja yake binafsi, kwamba akirudi atalazimishwa kupigana, kwa hiyo hifadhi yake ilisimama. Waliobaki bila kinga ni wanawake, wazee, na mabinti waliokuwa wanamaliza shule za Denmark na wanazungumza Kidenmark kuliko Kiarabu. Baadhi yao waliokolewa na rufaa.

Na wale waliokosa hata rufaa? Hawakurudishwa. Denmark haikuwa na uhusiano na serikali ya Bashar al-Assad, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkabidhi mtu. Wakapelekwa kwenye vituo vya kusubiri kuondoka, kama Sjælsmark, ambako mtu hafanyi kazi wala hana mwisho wa kusubiri. Mtu aliyekuwa na kazi na analipa kodi anageuzwa kuwa mtu wa kulishwa na serikali, bado yuko nchini, na bado harudi kwao. Hapa ndipo sera hii, kwa macho yangu, inaposhindwa kwa vipimo vyake yenyewe.

Basi kwa nini iigwe? Kwa sababu kisiasa ilionekana kufanya kazi. Chama cha Watu wa Denmark, cha mrengo wa kulia unaopinga wahamiaji, kilipata asilimia 21.1 ya kura mwaka 2015. Mwaka 2019 kikashuka hadi 8.7, na 2022 hadi 2.6. Katikati ya anguko hilo alikuwepo Mette Frederiksen wa Social Democrats, chama cha wafanyakazi, ambaye akiwa Waziri Mkuu alisema anataka waomba hifadhi wafike sifuri. Mwaka 2024 waliopewa hifadhi Denmark hawakufika 1,000. Kiongozi wa Uingereza anayeona chama cha Nigel Farage, kinachopinga wahamiaji, kikimpita kwenye kura za maoni akizitazama tarakimu hizo anatamani. Simlaumu mwanasiasa kwa kutaka kushinda, na wananchi wanaoona maelfu wakifika kwa boti bila utaratibu wana haki ya kuuliza maswali. Lakini zipo tofauti ambazo hazitajwi. Denmark ilijadiliana zamani na Umoja wa Ulaya kutofungwa na sehemu kubwa ya sheria zake za hifadhi, jambo ambalo Ujerumani au Sweden haziwezi kulifanya. Tena Denmark ni nchi ndogo ambayo mwomba hifadhi anaweza kuiruka, akaenda Ujerumani au Sweden. Kama ni kutisha watu, inafaa kwa yule wa kwanza kutisha. Jirani wote wakifanya hivyo hivyo, mtu anayekimbia hana pa kuruka, na nchi zitabaki zikishindana nani atakuwa mkali zaidi.

Turudi Uingereza, tuuone mpango wa Mahmood kwa mtu. Chukua mwanamke wa miaka 30 kutoka Goma, aliyekimbia baada ya M23 kuuteka mji Januari 2025, akafika Uingereza kwa boti, akakubaliwa. Huyu ni wa mfano tu. Miaka 20 ni miezi 240, yaani vibali 8 vya miezi 30. Kila kimoja kina fomu yake, mapitio yake, na usiku wake wa kukosa usingizi. Akifika kwenye ukaazi wa kudumu ana miaka 50. Mtoto aliyekuja naye mgongoni atakuwa mtu mzima, amemaliza chuo kama alipata njia ya kukilipia. Mpango unamruhusu mkimbizi anayefanya kazi au kusoma kuhamia njia nyingine ya mkato. Lakini mwajiri anayetazama kibali kinachoisha baada ya miezi 14 atamchukua nani, huyu au yule asiye na tarehe ya mwisho? Mwenye nyumba naye atafikiri hivyo hivyo.

Familia nayo imeguswa. Mpaka Septemba 2025 mkimbizi aliyekubaliwa Uingereza aliweza kumleta mwenzi wake na watoto walio chini ya miaka 18 bila kutakiwa kuonyesha kipato. Njia hiyo ilisimamishwa kupokea maombi mapya. Sasa mkimbizi anapelekwa kwenye kanuni ya kawaida ya wote, inayotaka kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka kumleta mwenzi. Kabla ya hapo, Februari 2025, maofisa wa uraia walikuwa wameelekezwa kwamba aliyeingia nchini kinyume cha sheria kwa kawaida akataliwe uraia, hata ikiwa ni miaka mingi iliyopita. Mkataba wa Geneva, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa namna alivyoingia akitoka moja kwa moja kwenye hatari na kujitokeza bila kuchelewa. Serikali inajibu kwamba aliyepitia Ufaransa hakutoka moja kwa moja. Mvutano huo utakaa mahakamani muda mrefu.

Ujerumani imekwenda njia hiyohiyo kwa hatua nyingine. Huko kuna madaraja: anayelengwa binafsi anapata ukimbizi kamili, na anayekimbia hatari ya vita anapata hifadhi ya daraja la chini. Tangu Julai 2025 hao wa daraja la chini, wengi wao Wasyria, wamezuiwa kwa miaka 2 kuleta familia, isipokuwa hali ngumu za kipekee. Mpakani nako, Mei 2025, Waziri wa Mambo ya Ndani Alexander Dobrindt aliamuru hata waomba hifadhi warudishwe. Siku mbili baadaye Wasomali watatu walishuka kwenye treni kutoka Poland katika kituo cha Frankfurt an der Oder, wakasema wanaomba hifadhi, na wakarudishwa Poland siku ileile. Tarehe 2 Juni mahakama ya utawala ya Berlin ikasema hilo ni kinyume cha sheria: kwa kanuni za Dublin, zinazoamua nchi ipi ibebe ombi la nani, Ujerumani ilitakiwa kwanza kufanya uchunguzi huo, ndipo impeleke mtu panapohusika. Serikali ikasema uamuzi unawahusu hao watatu tu, na kazi ya kurudisha watu ikaendelea. Mimi naona ni hatari kubwa serikali inapoanza kuusoma uamuzi wa mahakama hivyo, maana leo ni Wasomali watatu, na tabia ikishazoeleka haitabaki mpakani.

Pale ambapo muda peke yake hautoshi, nchi hizi hujaribu kubadilisha mahali. Hapo ndipo jina la Afrika Mashariki lilipoingia. Aprili 2022 Uingereza ilikubaliana na Rwanda kwamba waliofika kwa boti wapelekwe Kigali, kesi zao zisikilizwe huko, na wakikubaliwa wabaki huko huko. Ndege ya kwanza ilizuiwa Juni 2022 kwa agizo la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Novemba 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walisema kwa kauli moja kwamba mpango haukuwa halali, kwa sababu Rwanda ingeweza kuwarudisha watu kwenye hatari waliyoikimbia. Bunge likajibu kwa kutunga sheria inayotangaza kwamba Rwanda ni salama. Keir Starmer alipoingia madarakani Julai 2024 akaufuta mpango. Kwa hesabu ya serikali yake ulikuwa umetumia pauni milioni 700, na waliokwenda Rwanda chini ya utaratibu huo ni watu wanne, kwa hiari yao. Denmark nayo ilikuwa na mazungumzo kama hayo na Kigali, ikayaweka kando mapema 2023.

Ungedhani somo hilo limetosha. Italia ikajenga vituo vyake Albania, ikawapeleka watu 16 wa mwanzo Oktoba 2024, na mahakama ya Roma ikakataa wazuiliwe huko. Agosti 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaongeza kwamba nchi haiwezi kuitwa salama bila ushahidi ambao jaji anaweza kuupima. Septemba 2025 Uholanzi na Uganda zikasaini barua ya nia: watu wa kanda hii walionyimwa hifadhi Uholanzi wapitie Uganda, wakae kwa muda, kisha warudishwe makwao. Uganda tayari ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi zaidi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na mashirika yanayowalisha yamekatiwa fedha. Kuiomba nchi hiyo ipokee waliokataliwa na nchi tajiri ni jambo ambalo natamani wabunge wetu walijadili kwa sauti kubwa, maana mikataba ya namna hii husainiwa kimya kimya.

Umoja wa Ulaya nao una mkataba wake mpya wa pamoja uliopitishwa 2024, ambao siku yake ya kuanza kutumika imewekwa kuwa 12 Juni 2026. Kikubwa ndani yake ni kesi za haraka mpakani kwa raia wa nchi ambazo maombi yanayokubaliwa hayafiki asilimia 20, na mfumo wa kugawana mzigo ambapo nchi isiyotaka kupokea watu inaweza kulipa, kwa kipimo cha euro 20,000 kwa kila mtu. Mkataba huo hauzilazimishi nchi kufuata njia ya Denmark kuhusu muda. Lakini Mei 2025 viongozi wa nchi tisa, Frederiksen na Giorgia Meloni wa Italia wakiwa mbele, waliandika barua ya pamoja wakitaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya isiwabane sana kuhusu kufukuza wageni. Upepo unavumia upande gani si siri.

Kinachobaki bila jibu katika yote haya ni kurudi kwenyewe. Mapitio ya kila miezi 30 yana maana tu kama mwisho wake mtu anaweza kurudishwa, na kurudishwa kunahitaji nchi ya kumpokea, iliyo tayari kumpa hati ya kusafiria. Assad alipoanguka tarehe 8 Desemba 2024, nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha maombi ya Wasyria ndani ya siku mbili, kabla hata haijajulikana nani anatawala Damascus. Siku ileile ya tangazo la Mahmood, Uingereza ilizitishia Angola, Namibia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kuzinyima viza zisiposhirikiana kuwapokea raia wao. Mwishoni mwa Desemba 2025 ikasema mbili za kwanza zimekubali, na Congo ikaanza kuadhibiwa: huduma ya viza ya haraka ikaondolewa kwa Wakongomani, na upendeleo wa viongozi wao ukafutwa. Mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuwa akisubiri viza yake akalipia ugomvi asioujua.

Yule mwanamke wetu wa Goma, mapitio yake ya kwanza yakifika, ofisa anaweza kukubali kwamba Goma hapakaliki na bado akauliza kwa nini asiende kuishi Kinshasa. Sheria inaruhusu swali hilo. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, lugha ya mtaani ni Lingala, na mtu anayeongea Kiswahili cha mashariki hutambulika mara moja anapofungua mdomo. Hati yake ya safari itatoka kwa serikali ambayo haijaushika mji wake tangu Januari 2025, mwezi ambao uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa.